Ekadashi: namna ya kufunga siku ya kumi na moja ya mwezi

Mpishi wa pwani anayejua kupika futari ameshajua nusu ya Ekadashi, funga ya Wahindu, bila kuambiwa. Muhogo wa nazi, ndizi mbichi, magimbi, viazi vitamu, viazi vikuu, vyote hivyo vinaliwa siku hiyo. Kinachowekwa kando ni ugali, wali, chapati, mkate, maharage na jamaa zao wote. Kwa hiyo tumbo halisumbui kama watu wanavyodhani. Kinachosumbua ni kalenda, na baada ya kalenda, zile saa za mchana ambazo jiko limenyamaza na wewe hujui uzifanyie nini.

Ekadashi ni neno la Kisanskriti lenye maana ya kumi na moja. Mwezi wa Kihindu umegawanywa nusu mbili: nusu ya mwezi kukua, iitwayo shukla, na nusu ya mwezi kupungua, iitwayo krishna. Siku ya kumi na moja ya kila nusu ni ya mungu Vishnu, na wanaomwabudu yeye, au Krishna, au Rama, huifunga. Kwa mwaka zinatimia 24. Mwaka unaoongezewa mwezi wa kurekebisha kalenda huwa na 26. Kila moja ina jina na kisa chake.

Mimi nilifundishwa Mombasa, jikoni kwa mama mmoja wa Kigujarati ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, yaani mama. Yeye hasemi Ekadashi, husema agiyaras, kwa kuwa kumi na moja kwa Kigujarati ni agiyar. Ukisikia Wahindi wa Afrika Mashariki wakitaja agiyaras, ni siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: ijue siku yako, usiazime ya India

Hapa ndipo wengi hukosea. Siku ya mwezi wa Kihindu, tithi, haifuati saa ya ukutani. Ni muda ambao mwezi unachukua kujitenga na jua kwa nyuzi 12, na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani siku zote, tithi moja yaweza kuwa ya saa 19 au ya saa 26. Inaweza kuanza saa nane mchana au saa tano usiku. Kanuni ya jumla ni kutazama tithi iliyopo jua linapochomoza pale ulipo. Wavaishnava, yaani wafuasi wa Vishnu, wana masharti zaidi: siku ya kumi isiwe imeingia hata kidogo ndani ya dakika 96 kabla ya jua kuchomoza. Ikiingia, funga inasogezwa kesho yake.

Sasa fikiria. Mwezi Juni, tithi ya kumi na moja inaanza saa kumi usiku kwa saa ya Nairobi. Wakati huo Delhi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na jua limeshatoka. Delhi watafunga kesho yake, na wewe wa Nairobi au Dar es Salaam unafunga leo. Ndiyo maana ukitegemea ujumbe uliotumwa na shangazi wa Ahmedabad unaweza kufunga siku isiyo yako. Tafuta kalenda, panchang, iliyopigiwa hesabu ya mji wako. Mahekalu huwa nazo, na programu za simu zinakuwezesha kuchagua mji. Hakikisha umechagua.

Jambo la pili la kalenda linatuhusu sisi hasa. Kwa Mswahili wa pwani siku huanza Magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwa Wahindu siku huanza jua linapochomoza na haiishi mpaka jua la kesho. Mara yangu ya kwanza nilishinda bila kitu toka asubuhi, jua lilipozama nikajipakulia ugali na sukuma wiki kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Ba aliponiuliza kesho yake nikamsimulia. Akaweka kijiko chini. "Mwanangu, umefunga nusu, na hiyo nusu yenyewe siyo." Ekadashi haina futari ya jioni. Usiku wake ni sehemu ya funga.

Hatua ya pili: amua utafunga vipi kabla ya siku yenyewe

Zipo ngazi. Ya juu kabisa ni nirjala, bila chakula wala maji toka jua mpaka jua. Inayofuata ni maji tu. Halafu maji, maziwa na matunda. Halafu mlo mmoja usio na nafaka. Ya chini, ambayo ndiyo ya watu wengi, ni kula unapohitaji, ila usiguse nafaka wala jamii ya kunde.

Anza na hiyo ya chini. Mtu anayeanzia juu huanguka saa tisa mchana akala chochote kilichopo mezani. Mapokeo yanasema funga inawahusu walio kati ya miaka 8 na 80, na hata hao wakiwa na afya. Mjamzito, anayenyonyesha, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge, mwenye vidonda vya tumbo, hawa waongee na daktari kwanza, na hakuna aibu yoyote wakibaki na ngazi ya kuacha wali na maharage. Dawa unameza kama kawaida. Kuna watu huanza kuchunguza kama kidonge kina wanga wa mahindi ndani yake. Meza.

Ukitaka kujua mapokeo yenyewe yanavyomhurumia mwenye njaa, msikilize Bhima. Katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindi, yeye ni wa pili kati ya ndugu watano wa Pandava, jitu la nguvu, na jina lake jingine, Vrikodara, ni mwenye tumbo la mbwa mwitu. Mama yake anafunga, ndugu zake wanafunga, yeye hawezi. Akamwendea mzee Vyasa akasema ukweli wake: ndani yangu mna moto, nikikosa chakula nateketea. Vyasa akamwambia afunge moja tu kwa mwaka, ila bila hata tone la maji, na thawabu yake itakuwa ya zote. Hiyo ndiyo Nirjala Ekadashi, huangukia mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni, joto la kaskazini mwa India likiwa limefika kileleni. Anayefunga hanywi, lakini siku hiyo hiyo hugawa mitungi ya maji, vipepeo vya kujipepea na miavuli kwa wengine. Mwaka ukikuzidi shughuli, shika hiyo moja, kama mwili wako unaiweza.

Hatua ya tatu: jioni ya siku ya kumi

Kula chakula chepesi kabla jua halijazama, kisha usile tena. Piga mswaki vizuri, kwa sababu punje ya wali iliyojificha kwenye jino nayo ni wali. Chuma majani ya tulsi ya kutosha kwa siku mbili. Tulsi ni ndugu wa mrehani na kivumbasi, na harufu yake utaitambua. Wengi hawaukati mti huo siku ya kumi na moja, na ya kumi na mbili ndiyo kabisa. Loweka sabudana, zile punje za wanga wa muhogo, ukipanga kuipika. Kisha lala mapema.

Hatua ya nne: alfajiri

Amka saa kumi na nusu hivi, au mapema kadiri unavyoweza. Oga. Fagia pahali pa ibada, washa taa ya samli yenye utambi wa pamba, choma udi. Weka mbele ya picha au sanamu ya Vishnu au Krishna maji safi, ua, tunda, na juu yake jani la tulsi. Huna ua? Katika Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, Krishna anasema anayemtolea kwa upendo jani, ua, tunda au maji, yeye anapokea. Maji yako bombani.

Halafu weka nia, sankalpa. Mimina maji kidogo kwenye kiganja cha kulia, taja siku, taja jina lako, sema unachokusudia. Maneno ya zamani ni mafupi sana: leo siku ya kumi na moja nitakaa bila kula, kesho nitakula, ewe mwenye macho kama yungiyungi, uwe kimbilio langu. Kisha maji yamwage chini. Nakipenda hiki kipande cha "kesho nitakula". Mtu anaahidi kufunga na kula kwa pumzi moja, hajifanyi malaika.

Hatua ya tano: jiko

Usile: mchele, ngano, mahindi, mtama, ulezi, shayiri na unga wake wote, maharage, kunde, mbaazi, choroko, dengu, njegere, soya. Nyama, samaki, mayai na pombe havimo, na kwa Wavaishnava vitunguu maji na vitunguu saumu havimo siku zote. Ufuta wengi huuacha, isipokuwa kwenye Shat-tila Ekadashi ya Januari au Februari, ambayo ni sikukuu ya ufuta wenyewe.

Kula: mihogo, viazi vya aina zote, magimbi, ndizi, maboga, matango, matunda yote, nazi, maziwa, mtindi, samli, sukari, asali, tangawizi mbichi, pilipili manga, pilipili mbichi, na chumvi ya mawe kwa wanaoipata. Karanga pia, na hapa msomi wa mimea atainua mkono aseme karanga ni jamii ya kunde. Ni kweli. Lakini jikoni huhesabiwa pamoja na korosho, na sijaona nyumba ya Kigujarati isiyoitumia siku hiyo. Binzari nyembamba, ambayo wengine huiita jira, na ile nafaka ndogo iitwayo moraiyo, nyumba hii hula na nyumba ile haigusi. Fuata nyumba iliyokufundisha.

Mitego ni ile usiyoiona. Mvuje wa unga unaouzwa kwenye vikopo vidogo huchanganywa na unga wa ngano au wa mchele ili usigande. Hamira ya unga, ile baking powder, ina wanga. Bizari ya pakiti yaweza kuwa imeongezewa unga. Na chipsi za kibandani, ambazo kila anayeanza hukimbilia kwa sababu "ni viazi tu": angalia mafuta yake. Yamekaanga bhajia za unga wa dengu asubuhi, kuku mchana, na chipsi mayai ndiyo hiyo inakuja. Kaanga nyumbani, mafuta mapya.

Juu ya muhogo niseme zaidi, maana una safari yake. Ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakausambaza Afrika na India. Wahindi wa Afrika Mashariki waliuchukua kwetu pamoja na jina, wakauita mogo, na waliohamia Uingereza wakaenda nao. Ukiingia mkahawa wa Kigujarati wa Wembley au Leicester utakuta mogo kwenye orodha ya vyakula, neno la Kiswahili lililopunguzwa katikati. Na sabudana, zile punje nyeupe kama lulu zinazotegemewa India nzima siku za kufunga, ni wanga wa muhogo uliokamuliwa na kuviringishwa. Viwanda vyake vingi viko Salem, Tamil Nadu. Kwa hiyo Mhindi wa Mumbai anayefungua pakiti ya sabudana na mtu wa Kilifi anayemenya muhogo wanakula mzizi mmoja.

Khichdi ya sabudana, kwa watu wawili. Osha kikombe kimoja cha sabudana mpaka maji yawe maangavu, yasiwe kama maziwa. Tia maji yafike usawa wa punje tu, yasizidi, uache saa tano au usiku kucha. Bonyeza punje moja kwa vidole. Ikipondeka bila kiini kigumu, iko tayari. Ichuje vizuri. Kaanga karanga nusu kikombe bila mafuta, zitoe maganda, zitwange ziwe chenga, kisha zichanganye na sabudana pamoja na chumvi. Kwenye sufuria pana pasha vijiko viwili vya samli, tia binzari nyembamba ikiwa nyumba yako inaila, pilipili mbichi iliyokatwa, na kiazi kimoja kilichochemshwa na kukatwa vipande vidogo. Kiazi kikianza kushika rangi, tia sabudana. Geuza taratibu. Ndani ya dakika tano hivi punje zinaacha weupe na mwanga unaanza kupita ndani yake, na hapo unaepua. Ukisubiri dakika mbili zaidi una gundi. Kamulia ndimu, nyunyiza kotmiri.

Muhogo wa nazi ndio ule ule unaoujua. Ondoa vitunguu, badala yake ponda tangawizi na pilipili mbichi, pikia kwa tui la pili, malizia na tui zito. Ba alipoonja wangu alinyamaza, akaongeza mara mbili.

Ila sahani ya tatu usipakue. Siku hizi kuna vyakula vya kufunga vya kila namna, chevdo, vitumbua vya sabudana, halwa ya viazi vitamu inayoelea kwenye samli, na nimeona watu wakimaliza Ekadashi wameshiba kuliko Jumapili. Huyo hakufunga, amebadilisha chakula tu.

Hatua ya sita: zile saa zilizobaki

Kwa Kisanskriti kufunga ni upavasa: upa, karibu, vasa, kukaa. Ni kukaa karibu. Njaa haimo kwenye neno hilo kabisa. Nyumba ambayo kila siku hutumia saa nne kuchagua mchele, kukanda unga na kuchemsha maharage, leo inatumia moja. Zile tatu zilizobaki ndizo sadaka yenyewe, na ukizimalizia kwenye simu umebaki na njaa tupu.

Wazee hueleza kumi na moja hivi: milango mitano ya kujua, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, vyombo vitano vya kutenda, yaani mdomo wa kusema, mikono, miguu, na viungo viwili vya chini, na wa kumi na moja ni moyo unaovituma vyote. Siku hiyo unaviita nyumbani kimoja kimoja. Ulimi ndio mgumu, kwa sababu una kazi mbili, kula na kusema, na kufunga chakula huku unasengenya ni kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye miwili.

Kisa cha asili ya siku hii kimo katika Padma Purana, kitabu cha kale cha Kihindu. Pepo aitwaye Mura alikuwa amewashinda miungu. Vishnu akapigana naye muda mrefu, akaingia pangoni Badarikashrama kupumzika. Mura akamfuata amchome akiwa usingizini. Hapo mwilini mwa Vishnu akatoka binti mwenye silaha, akamuua. Vishnu alipoamka akamuuliza ni nani. Ni nguvu yako, akajibu. Ilikuwa siku ya kumi na moja, akapewa jina la siku. Ninavyokisoma mimi, nguvu ya kumlinda mtu hutoka ndani yake akiwa ametulia.

Kwa vitendo: shika tasbihi ya tulsi yenye punje 108, taja jina moja la Mungu kwa kila punje. Wengi husema Om Namo Bhagavate Vasudevaya. Wafuasi wa mtakatifu Chaitanya huimba Hare Krishna. Soma sura moja ya Gita. Ukiweza, soma Vishnu Sahasranama, majina elfu, inachukua kama nusu saa ukizoea. Mchana usilale. Jioni nenda hekaluni kwa bhajan, nyimbo za ibada, washa taa karibu na mti wa tulsi. Wenye nguvu hukesha. Sisi wa kazini tunalala saa nne.

Zipo Ekadashi ambazo hata asiyefunga nyingine huzishika. Ya Juni au Julai, Devshayani, Vishnu analala juu ya nyoka Shesha kwa miezi minne, na harusi zinasimama mpaka aamke Oktoba au Novemba. Siku hiyo mahujaji wa Maharashtra huingia Pandharpur baada ya kutembea kama wiki tatu kutoka Alandi na Dehu, wakisindikiza nyayo za watakatifu Dnyaneshwar na Tukaram, na kuoga katika mto Bhima, ambao pale huitwa Chandrabhaga kwa kuwa umepinda kama mwezi mchanga. Ya Desemba au Januari, Vaikuntha, hekalu la Srirangam kwenye kisiwa cha mto Kaveri hufungua mlango uitwao wa mbinguni, na watu hupanga foleni usiku kucha wapite.

Hatua ya saba: kufungua

Usidhani siku imekwisha ukiamka. Kufungua, parana, kuna muda wake: baada ya jua kuchomoza, baada ya robo ya kwanza ya tithi ya kumi na mbili kupita, na kabla tithi hiyo haijaisha. Kalenda huuandika muda huo, kwa mfano toka saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na dakika kumi. Mara nyingine ni saa kadhaa, mara nyingine ni dakika chache tu. Weka kengele ya simu.

Mfalme Ambarisha alikuwa na dakika hizo chache. Alikuwa amefunga mwaka mzima wa Ekadashi, na asubuhi ya kufungua akafika Durvasa, mtakatifu anayejulikana kwa hasira. Mfalme akamkaribisha chakula. Durvasa akasema naenda kuoga mtoni, akakawia huko. Muda unakwisha. Kula kabla ya mgeni ni kosa, kuacha muda upite ni kosa. Makuhani wakamshauri anywe maji, kwa sababu kunywa maji ni kula na si kula. Akanywa. Durvasa akarudi, akawaka, akamtumia pepo, na gurudumu la Vishnu, silaha yake, likamkimbiza Durvasa mwenyewe ulimwengu mzima kwa mwaka, mpaka akarudi kuomba radhi kwa mfalme. Mfalme muda wote huo alikuwa hajala, anamngoja mgeni wake.

Kwa hiyo ukiwa njiani kwenye matatu au daladala na muda unakatika, maji na jani la tulsi vinatosha. Ukiwa nyumbani, fungua kwa nafaka kama ulifunga nafaka. Anza kidogo; tumbo lililokaa bila kitu halitaki pilau. Ba hupika wali mweupe kiganja kimoja, huweka jani la tulsi juu, hutoa kwanza mbele ya taa, anawatupia kunguru wa dirishani punje chache, kisha anakula amesimama, kwa vidole vitatu, akiangalia saa.